Mnatuambia Tulale, Tulale Wapi?

Kila muhula unapofunguliwa, mabango hurudi ukutani. Pata saa saba hadi tisa za usingizi kila usiku. Fanya mazoezi. Kula mboga na matunda. Epuka msongo wa mawazo. Huletwa pia mtaalamu kutoka mjini, anazungumza ukumbini, wanafunzi wanapiga makofi, naye anaondoka kabla giza halijaingia. Wanaobaki na usiku ni sisi na watoto hawa. Tumechoka kuwasikia wakifundishwa kulala, kana kwamba shida yao ni kutojua kulala.

Sisi ni wazazi tunaochuma chai Rukuriri na Mungania, tunaolima miraa Igembe na muguka Mbeere. Sisi ni akina mama wa vibanda nje ya lango la chuo, wenye ploti za kukodisha, vijana wa bodaboda tunaowabeba wanafunzi usiku, na wanafunzi wenyewe. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya umepata vyuo vikuu vingi kwa muda mfupi. Chuo Kikuu cha Methodisti pale Kaaga kilipewa hati 2006. Cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru, na cha Chuka kilicho kati ya Meru na Embu, vilipewa 2013. Cha Embu, ambacho zamani kilikuwa chuo cha kuwafunza maafisa wa kilimo, kilipewa 2016. Tulifurahi na bado tunafurahi, kwa maana zamani mtoto wa hapa alilazimika kwenda Nairobi au Njoro kutafuta digrii. Lalamiko letu si la chuo kimoja. Ni la maisha yaliyojengeka kuvizunguka vyuo vyote, maisha ambayo mtu hawezi kulala ndani yake hata akitaka.

Hatubishani na sayansi. Tunajua mwili wenye hofu hutoa adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio na kichwa kikakataa kutulia. Tunajua mazoezi huushusha msongo huo na kuufanya usingizi uwe mzito, na kwamba aliyelala vizuri ana nguvu ya kwenda kukimbia kesho yake. Mambo haya matatu yameshikana mikono. Moja likianguka, linayavuta mengine. Ndiyo maana tunauliza: nani aliliangusha la kwanza? Usingizi unataka mahali. Mazoezi yanataka muda, uwanja na usalama. Utulivu wa mawazo unataka karo iliyolipwa. Kati ya hayo yote, ni lipi lililo mikononi mwa kijana wa miaka 20?

Tuanze na muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano, kwa uchache. Inasikika rahisi. Sasa chukua ratiba ya mwanafunzi. Kipindi cha kwanza kinaanza saa moja asubuhi, cha mwisho kinaisha saa moja usiku, na katikati kuna mapengo ya saa mbili au tatu jua likiwa utosini. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta, na mstari wenyewe unapita kusini kidogo tu ya mji wa Meru. Huku jua halina msimu wa kuchelewa. Liwe ni Juni au Desemba, linatua mnamo saa kumi na mbili na nusu, na baada ya dakika chache ni giza totoro. Kule Ulaya mwanafunzi anaweza kutoka darasani jioni ya kiangazi akakimbia saa mbili nzima mchana ukiwa bado upo. Wetu akitoka darasani, nje ni usiku. Ratiba ikishajaza jioni, imemnyang'anya mazoezi yake yote, na hakuna bango litakalomrudishia.

Basi aamke alfajiri, mtasema. Tumelisikia hilo pia. Msichana aliyepanga chumba kilomita moja kutoka chuoni, kwenye njia ya udongo iliyopita katikati ya migomba na isiyo na taa hata moja, mnamwambia akimbie peke yake saa kumi na moja alfajiri? Januari 2024 wanawake waliandamana katika miji ya nchi hii kupinga mauaji ya wanawake wenzao. Wasichana wetu waliyaona hayo. Hawatatoka gizani kwa sababu ya dakika 150 za mtu yeyote, na sisi wazazi wao hatuwaruhusu. Jumba la mazoezi mjini linadai pesa kila mwezi. Kuna wanaoruka kamba kati ya kitanda na jiko la gesi, na jirani wa chini anagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Viwanja tunavyo, lakini tazameni vilivyopatikana. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikarabatiwa ili Kenya iandae mashindano ya soka ya CHAN ya 2018. Mashindano yenyewe yakahamishiwa Moroko, lakini sherehe za Madaraka zikafanyika hapo Juni 1, 2018. Uwanja wa Moi wa Embu nao ukashughulikiwa kwa kasi, ukapokea sherehe za Madaraka Juni 1, 2023. Hatuzikatai sherehe. Tunachosema ni kwamba wageni wa siku moja wakija, pesa hupatikana, tingatinga hufika na usiku hufanywa kuwa mchana. Vijana wanaokaa hapa miaka minne wanaambiwa wawe na subira. Na kutoka Nchiru hadi Meru mjini ni kama kilomita 15. Hakuna mwanafunzi atakayelipa matatu kwenda na kurudi ili akakimbie. Anachohitaji ni kiwanja cha nyasi kilichofyekwa karibu na anapolala, milango ya goli iliyosimama wima, wavu wa voliboli na taa.

Sasa usingizi wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njooni tuwaonyeshe vyumba vinavyolaliwa. Vitanda vya ndani ya chuo ni vichache, kwa hiyo wengi wanapanga nje. Bedsita moja wanakaa wawili au watatu ili wagawane kodi, godoro moja kitandani, jingine chini. Ukuta ni wa tofali moja. Anayekohoa chumba cha nne anasikika chumba cha kwanza. Tokeni za stima zikiisha saa nne usiku kila mmoja anamtazama mwenzake. Hatua chache kutoka hapo kuna baa yenye sabufa zinazotikisa vioo vya dirisha. Ijumaa ikiingia, upande wa pili kuna mkesha wa maombi, nao una spika zake.

Sheria ipo. Sheria ya pombe ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, iliweka saa tano usiku kuwa mwisho wa baa. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 zinataka eneo la makazi lisizidi desibeli 35 usiku, na hizo ni kama sauti ya mtu anayenong'ona. Sisi tunaoishi hapa hatujawahi kumwona mtu akija usiku na kipimo. Tukienda kulalamika, tunaulizwa kwani hatutaki vijana wa biashara wale. Tunataka wale. Tunataka pia wengine walale.

Na usiku huohuo ndio chuo chenyewe kimeuchagua kuwa saa ya kazi. Kazi ya kuandika inatakiwa ipakiwe kwenye mtandao kabla ya saa sita kasoro dakika moja usiku. Tovuti ya kusajili masomo mchana inajaa watu na kukwama, usiku wa manane inafunguka. Vifurushi vya intaneti vya usiku ni nafuu kuliko vya mchana, kwa hiyo asiye na pesa ndiye anayekesha. Mwenye pesa anapakua vitabu saa tisa alasiri, maskini anavipakua saa tisa usiku. Kisha wote wawili wanakutana darasani saa moja asubuhi, na mhadhiri anamkemea anayesinzia.

Hapo ndipo sisi wa vibanda tunapoingia. Tunawajua kwa vikombe vyao. Mwanzoni mwa muhula kijana anaagiza chapati na madondo, anacheka, anakaa. Wiki ya mitihani haagizi chakula. Anakuja saa nne usiku tukiwa tunafunga.

"Mama, niwekee chai ya rangi, kavu kabisa. Leo nakesha."

"Hii ni ya tatu, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula karatasi ikiisha."

Wenye elimu wanatuambia kafeini hukaa mwilini kiasi kwamba baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo. Kikombe cha saa nne usiku, nusu yake bado inazunguka damuni saa tisa. Na chai ndiyo nafuu. Wengine wanaelekea kwenye kioski cha jirani, kule kunakouzwa muguka kwa pakiti, pamoja na karanga na bigijii za kupunguza uchungu mdomoni. Hapo hatuwezi kusema kwa sauti nyepesi, kwa sababu jani hilo ni letu. Limesomesha watoto wa Mbeere na Igembe. Ndani yake mna kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, inayoanza kupungua nguvu tangu jani linapochumwa na ndani ya siku mbili hivi imekwisha, ndiyo maana linakimbizwa sokoni likiwa bichi. Kijana analitafuna ili asome. Stimu ikipanda anasoma kweli, kurasa zinapita, njaa hana, usingizi hana. Saa kumi alfajiri anazima taa na macho yanakataa kufunga. Anaingia mtihanini akiwa na mikono inayotetemeka, na aliyoyasoma yametawanyika, maana ni usingizini ubongo unapoyapanga ya mchana na kuyaweka mahali pake. Hatumhukumu mkulima, wala hatumhukumu kijana. Tunasema kwamba pale ratiba inapomfanya mwanafunzi aazime saa usiku, kwetu huku mkopeshaji yuko mlangoni, wakati wowote, kwa bei ndogo.

Lakini hata mngezima muziki wote na kuufungia muguka wote, bado wasingelala, kwa sababu ya karo. Hilo ndilo kubwa, na ndilo ambalo bango haliligusi kabisa. Mzazi wa chai analipwa kidogo kila mwezi. Pesa za maana, yaani bonasi, zinaingia Oktoba. Vyuo vinafungua Septemba. Mwezi huo mmoja kati ya kufungua na bonasi ndio mwezi ambao simu zetu wazazi zinaita usiku, na tukiona jina la mtoto tunaogopa kupokea. Mzazi wa miraa alikaa tangu Machi 2020 hadi Julai 2022 soko la Somalia likiwa limefungwa. Wa muguka naye akasikia Mei 2024 kwamba Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zimepiga marufuku zao lake, na ikabidi suala hilo lifike mahakamani. Kila mshtuko wa soko unatua juu ya kitanda cha mtoto chuoni.

Halafu serikali nayo ikabadilisha hesabu. Mei 2023 ulitangazwa mfumo mpya wa kufadhili vyuo, wa kuipima familia na kuiweka kwenye daraja, kisha kuamua itapata ufadhili kiasi gani na mkopo kiasi gani. Familia nyingi zilijikuta kwenye daraja lisilo lao, na kukata rufaa kukawa ni kazi nyingine ya kufanyiwa kwenye mtandao usiku. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Wakubwa wanaweza kungoja mahakama. Mwanafunzi anayesubiri kujua iwapo jina lake litakuwa kwenye orodha ya mtihani hana pa kungojea. Swali lake la kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, ni hili: mkopo wa HELB umeingia?

Ongeza migomo. Wahadhiri waligoma kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025, siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Tuliwaunga mkono, maana mtu anayefundisha watoto wetu naye ana watoto wake, na deni hilo lilikuwa la miaka. Lakini kila mgomo ukiisha, wiki zilizopotea hazirudi. Zinabanwa. Kilichopaswa kufundishwa kwa miezi kinasukumwa ndani ya wiki, majaribio yanafuatana, Jumamosi inakuwa siku ya masomo. Kodi ya miezi ya kukaa bure mwenye ploti ameshaidai. Ukilipia chumba usichokitumia, kisha ukakitumia usiku na mchana bila kulala, nani anashangaa ukiumwa kichwa?

Dodoso linalotumiwa sana duniani kupima ubora wa usingizi lilitungwa Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa 1989. Lina maswali 19 ambayo mtu anajijibia mwenyewe kuhusu mwezi uliopita, na jumla ikizidi 5 anahesabiwa kuwa halali vizuri. Linauliza: ulikosa usingizi kwa sababu ya baridi? Ya joto? Ndoto mbaya? Maumivu? Kukohoa au kukoroma? Kwenda chooni? Kisha mwishoni linaacha nafasi ya sababu nyingine, tafadhali eleza. Ni dodoso zuri. Lakini mwanafunzi wa Nchiru au wa Embu akilijaza kwa ukweli, ataruka karibu mistari yote na kufika hapo mwishoni. Karo. Tokeni. Baa. Alama za mtihani zisizoonekana kwenye mfumo. Mama anaumwa nyumbani. Ndugu yangu amemaliza digrii na bado hana kazi. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka isomwe. Msituletee jumla ya alama mkaacha maelezo.

Na kuna wanaofika pabaya kuliko kukosa usingizi. Tumewazika, hatutawataja. Kwa miaka mingi sheria yetu ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na aliyenusurika aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Kijana alijua kwamba akimwambia mtu yaliyo moyoni huenda akaishia kituo cha polisi, basi akanyamaza. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Tunashukuru. Lakini hofu iliyokaa miaka yote hiyo haiondoki kwa hukumu moja, na ofisi ya ushauri nasaha inayofungwa saa kumi na moja jioni haimsaidii anayezidiwa saa nane usiku. Mshauri naye ni mmoja, na wanafunzi ni maelfu.

Tunajua wa kumwambia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kudhibiti kelele, kutoa leseni za pombe, kuweka taa barabarani na kutunza viwanja vya michezo. Mambo hayo manne ndiyo yanayomnyima mwanafunzi usingizi na mazoezi, na yote yako chini ya ofisi tunazozipigia kura. Kwa hiyo, enyi wabunge wa kaunti za Embu na Meru, mkikutana kupitisha bajeti, tunataka kuona ndani yake taa kwenye njia za kwenda vyuoni na viwanja vidogo karibu na hosteli. Baa zilizo katikati ya makazi zifungwe saa tano kama sheria isemavyo. Sisi wenye ploti tutaweka sheria ya ukimya kuanzia saa nne usiku, na atakayeivunja tutamhamisha. Mahubiri ya mkesha yabaki ndani ya kanisa, spika za nje zizimwe.

Vyuo navyo viache angalau jioni tatu za wiki bila darasa baada ya saa kumi, ili jua la mwisho liwe la mwanafunzi. Kazi za mtandaoni zikusanywe saa kumi na moja jioni badala ya usiku wa manane. Intaneti ya chuo iwe na nguvu mchana. Mshauri nasaha awepo usiku, hata kama ni kwa simu. Karo ya Septemba iruhusiwe kulipwa kwa awamu hadi Novemba kwa watoto wa wakulima, kwa sababu tarehe ya bonasi inajulikana na kila mtu mlimani huku. Na serikali kuu ihakikishe mkopo umefika kabla ya darasa la kwanza.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji utafiti mpya. Mengine hayahitaji hata pesa, yanahitaji mtu aketi na ratiba na kalamu. Yakishafanyika, rudisheni mabango yenu na tutawasaidia kuyabandika, na kijana atakayekataa kulala au kukimbia tutamkemea sisi wenyewe. Kabla ya hapo, msimwambie apunguze mawazo. Punguzeni ninyi yanayompa mawazo, na tunataka kuona mlichofanya kabla muhula wa Septemba haujafunguliwa.